Soko la Maasai, Sabasaba, Jua Kali au bazaa ya Desemba: mapambo yako uyapeleke wapi?

Kila ikifika Mei, mafundi wenzangu wa mapambo ya mkono huanza kuniuliza swali moja: "Dada, mwaka huu niende maonesho gani?" Anayeuliza mara nyingi ana mtaji wa safari moja. Ameweka nauli pembeni, amejaza makopo mawili ya hereni, na akikosea njia hana pa kuzitoa hadi mwaka ugeuke. Swali hilo halijibiki kwa neno moja, na namhurumia anayejibiwa hivyo.

Mimi natengeneza hereni, vidani na bangili za pembe ya ng'ombe na shaba, hapa Arusha. Ukiwa Arusha, kuamua ni kazi. Nairobi iko kama kilomita 270 kupitia Namanga, Dar es Salaam zaidi ya 600, na kote kuna basi la asubuhi. Nimeketi nyuma ya meza, na mara nyingine chini juu ya turubai, katika sehemu zote nne ninazozilinganisha hapa. Kila moja imewahi kunilipa, na kila moja imewahi kunirudisha nyumbani na mzigo.

Ya kwanza ni Soko la Maasai la Nairobi. Halina jengo lake, huhama kufuatana na siku ya wiki. Kwa miaka mingi Ijumaa limekuwa Village Market, jengo la maduka kule Gigiri, na Jumamosi kwenye maegesho ya magari ya Mahakama Kuu, katikati ya jiji. Ya pili ni Sabasaba, yaani Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo TanTrade, mamlaka ya serikali ya kukuza biashara, huyaandaa katika viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, Barabara ya Kilwa. Ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Ya tatu ni maonesho ya wajasiriamali wadogo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wengi bado tunayaita kwa jina la zamani, Jua Kali/Nguvu Kazi. Yalianza mwaka 1999, mwaka uleule Mkataba wa Jumuiya uliposainiwa hapa Arusha, na nchi wanachama huyapokea kwa zamu. Ya nne ni bazaa za kuchaguliwa za Nairobi na Dar, zile za wikendi kabla ya Krismasi au Pasaka, ambako unatuma picha za kazi yako na mwandaaji anaamua kama utapata meza. Bizarre Bazaar ya Nairobi ni mfano unaojulikana.

Vipimo kwanza

Wengi wetu huchagua maonesho kwa ukubwa wa jina lake. Nami nilianza hivyo. Sasa kila mwaliko naupima kwa maswali matano: Kuketi pale kutanigharimu nini, kwa pesa na kwa siku? Nani atasimama mbele ya meza? Bei itasemwa na nani? Kazi ya aina gani hutoka pale? Na nikikunja kitambaa cha meza siku ya mwisho, naondoka na nini zaidi ya mauzo? Kila swali nitalipitisha kwenye sehemu zote nne, ingawa si kila mahali pana mengi ya kusema.

Kuketi kunagharimu nini

Watu huhesabu kodi ya meza na nauli, wakaishia hapo. Chukua mfano wa hesabu ya daftari, kwa shilingi za Tanzania: meza 300,000, nauli na mzigo 80,000, malazi na chakula 100,000. Jumla 480,000. Kama kila jozi ya hereni inakubakizia 8,000 baada ya kutoa mali ghafi na jasho lako, utauza jozi 60 ndipo shilingi ya kwanza ya faida iingie mfukoni. Sasa ongeza siku. Fundi anayetoa jozi 6 kwa siku, akikaa siku 16 maoneshoni, ameacha jozi 96 ambazo hazikutengenezwa. Gharama hii haiandikwi kwenye risiti yoyote, na kwa fundi wa peke yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Nasema hivyo kwa sababu kazi yetu haiharakishwi. Pembe ikitoka machinjioni huchukua majuma kabla kiini chake cha mfupa hakijaachia. Kisha unaichemsha, unaikata, unainyoosha ikiwa bado ya moto, halafu unaisugua kwa msasa kuanzia namba 120 hadi 2000, mpaka uone uso wako ndani yake. Mwenye shanga naye ana siku zake: kidani kipana cha Kimaasai hakimaliziki katika adhuhuri moja. Kwa hiyo kabla ya kujibu mwaliko jiulize nani atashika tupa wakati wewe umeshika kalkuleta.

Kwa pesa ya kuingia, Soko la Maasai ndilo jepesi. Unalipia siku moja, unatandika turubai, jioni unakunja. Kinachokula pale ni kurudia kila wiki, pamoja na nafasi: sehemu nzuri zina wenyewe, na mgeni huingia kwa kushikwa mkono na kikundi au huishia pembezoni. Kwa anayeishi Nairobi, au Kajiado na Narok, ni nauli ya matatu, yaani basi dogo la Kenya. Kwangu mimi wa kuvuka Namanga, siku moja ya soko ni siku tatu za maisha.

Sabasaba huchukua siku 16, kwa kawaida tarehe 28 Juni hadi 13 Julai. Eneo hukodishwa kwa mita za mraba, na banda la peke yako si saizi ya fundi anayeanza. Ila kuna mlango mwingine ambao wengi hawaugongi: SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, na baadhi ya halmashauri huwa na mabanda na huwapeleka wajasiriamali chini ya mwavuli wao. Nenda ofisi ya mkoa mapema, tena na sampuli mkononi. Ukisubiri Juni utakuta orodha imefungwa. Malazi ndiyo yanayobaki, na mwenye ndugu Temeke au Mbagala amekwisha kuokoa nusu ya bajeti.

Jua Kali gharama yake hubadilika na nchi. Mwaka 2021 yalikuwa Mwanza, 2022 Kampala, 2023 Bujumbura. Kwa fundi wa Kigoma, Bujumbura ni jirani, kwa wa Mombasa ni safari ya siku kadhaa. Hudumu karibu siku 10, mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka, na mafundi huandikishwa kupitia nchi zao. Hofu kubwa ya watu ni mpaka, na hapo hofu imezidi ukweli. Mzigo wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, una cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, kilichowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Andika orodha ya kila kipande na bei yake kabla hujafika dirishani. Nimeona kopo la bangili likimwagwa juu ya meza ya ukaguzi kwa sababu mwenyewe hakujua zilikuwa ngapi.

Bazaa ndiyo ghali kuliko zote ukigawa kwa siku. Unalipa kodi kubwa kwa siku moja, mbili au tatu. Humo pia utatakiwa kuwa na kitambaa safi cha meza, taa, mifuko ya karatasi na vibandiko vya bei. Za Desemba huangukia vuli, na nyingi hufanyika kwenye mahema. Mvua ya saa moja ikiharibu Jumamosi, kodi hairudi.

Nani anasimama mbele ya meza

Sabasaba anasimama Mtanzania, na hili nalipenda kupita kiasi. Tarehe 7 Julai, siku iliyotokana na kuzaliwa kwa chama cha TANU mwaka 1954, familia huja nzima: bibi, mama, watoto watatu na binamu kutoka mkoani. Wametenga pesa ya chakula, ya bembea, ya sufuria moja na ya kitu kimoja cha kumbukumbu. Hereni zako zinagombania hiyo ya mwisho. Watashika wengi, watanunua wachache, lakini hao wachache ni watu wa mjini mwenu, wanaoweza kukupigia simu Septemba mtoto wa dada akitaka kuolewa.

Soko la Maasai lina watu wa aina tatu waliochanganyikana. Yupo mtalii mwenye ndege ya usiku. Yupo mkazi wa Nairobi anayetafuta zawadi, na Gigiri, kwa kuwa makao ya Umoja wa Mataifa yako jirani, mkazi huyo mara nyingi ni mfanyakazi wa mashirika. Kisha yupo mnunuzi wa jumla ambaye haonekani kama mnunuzi: kavaa ndala, hana haraka, anauliza bei ya dazeni tano. Huyo wa tatu ndiye anayewaweka mafundi wengi mjini.

Jua Kali nusu ya wanaosimama ni mafundi wenzako na wachuuzi wa mji mwenyeji. Wanatazama mgongo wa hereni kabla ya uso wake. Wanajua bei ya shaba. Mauzo ya rejareja yanaweza kuwa madogo, lakini mazungumzo ni ya watu wanaoelewa. Kiswahili kitakufikisha mbali Bujumbura, Kampala jiandae na Kiingereza.

Bazaa anasimama mtu ambaye mara nyingi amelipa kiingilio mlangoni na amekuja akijua atakuta kazi za mikono. Atauliza nani ametengeneza, wapi, kwa siku ngapi. Usijibu kwa hotuba, jibu kwa kipande kimoja ambacho hakijamalizika. Mimi huweka pembe mbichi, ngumu na chafu, kando ya kidani kilichong'aa, na yale mawili yanaeleza kuliko mdomo wangu.

Bei inasemwa na nani

Hapa ndipo sehemu hizi zinapotofautiana kabisa, na ndipo mafundi wengi wanapoumia.

Soko la Maasai bei ni mapatano, na si mara zote unapatana na mnunuzi. Wapo madalali wanaomchukua mgeni langoni, wanamzungusha na kikapu, anachagua hereni kwako, sahani ya mti kwa mwingine, kitenge kwa wa tatu. Bei ya vyote inasemwa mwishoni, kwa mkupuo. Dalali anarudi kwako na kile mlichokubaliana kimyakimya, na tofauti ni yake. Simlaumu, naye anafanya kazi, na siku ambayo soko limelala yeye ndiye anayeleta mtu. Lakini lazima uwe na bei yako ya chini kabisa, umeihesabu nyumbani, imeandikwa daftarini, na huishuki hata mvua inyeshe. Asiye na bei hiyo huuza pembe ya majuma mawili kwa nauli ya kurudia nyumbani.

Bazaa bei imebandikwa na hakuna anayeishangaa. Mwenye bazaa anaweza hata kukukataza kupunguza, ili meza ya jirani isiaibike. Ni raha kwa fundi asiyejua kubishana, na wako wengi. Ila bei iliyobandikwa inadai kazi ya kuistahili. Ndoano ya hereni ikiwa ya bati la kubahatisha, mteja atageuza, ataona, atarudisha kimya.

Sabasaba ni katikati. Watu huja wakitarajia "bei ya maonesho", yaani pungufu. Wengine hupandisha kwanza ndipo wapunguze. Mimi sifanyi hivyo, kwa kuwa mteja wa Dar anajua mchezo huo na akikunasa hakuamini tena. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni seti: kidani peke yake bei hii, kidani na hereni zake bei ile, na akichukua vyote nampa kikuku. Hapo anapata nafuu bila kipande chochote kushuka thamani.

Jua Kali jiandae na bei mbili, ya kimoja na ya dazeni, na uzijue kwa fedha ya nchi mwenyeji kabla hujaketi. Anayenunua kwa ajili ya duka lake hutaka karibu nusu ya bei ya rejareja. Kama nusu hiyo hailipi mali ghafi na masaa yako, basi bei yako ya rejareja ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na ni heri kuligundua hilo mbele ya mnunuzi mmoja kuliko mbele ya kumi.

Kazi gani inatoka wapi

Soko la Maasai hupenda kinachojirudia. Bangili za shanga zilizo na rangi ambazo mgeni amekwisha kuziona kwenye picha, hereni za shaba zilizofuliwa, vitu vinavyoingia kwenye begi bila kuvunjika. Ubora usiudharau kwa sababu tu ni soko la chini: mnunuzi wa jumla anajua shanga za kioo za Jablonec, kule Ucheki, zisizotofautiana punje kwa punje, na anajua za plastiki zinazofifia. Atakujaribu kwa kuzipitisha kati ya vidole.

Sabasaba hutoka vidogo vya bei ndogo, pamoja na seti za shughuli. Sendoff na kitchen party zina wanunuzi wake, na mama mmoja wa kamati akipenda rangi zako ataagiza kumi na mbili zinazofanana. Chukua daftari la oda. Tena uchukue limau na kitambaa, maana hewa ya bahari huitia shaba weusi ndani ya siku chache, na hereni iliyofifia Julai 5 haitauzwa Julai 6 ukiiacha hivyo.

Bazaa ndipo mahali pa kipande kisicho na pacha. Huko watu huvutwa na historia pamoja na umbo. Kazuri ya Nairobi ni mfano mzuri wa jinsi vitu hivyo viwili vinavyokwenda pamoja: ilianza mwaka 1975 kule Karen na akina mama wawili waliolea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo kwa mkono, na mpaka leo anayenunua ushanga wake anajua ananunua nini. Huhitaji kuwa na miaka 50. Unahitaji kuweza kusema kwa ukweli pembe hii imetoka machinjio gani na nani amekusaidia kuisugua.

Jua Kali peleka sampuli nyingi, moja moja, badala ya akiba kubwa ya aina chache.

Vipo vitu visivyopelekwa popote kati ya sehemu hizo nne. Gamba la ng'amba, pembe ya ndovu na marijani acha kabisa. Sheria za nchi zetu na mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, havichezewi, na mteja wako ndiye atakayekamatwa uwanja wa ndege. Sisi wa pembe ya ng'ombe tuandike wazi "pembe ya ng'ombe", kwa sababu wageni huogopa na wana haki ya kuogopa. Anayetaka kupachika tanzanaiti apitie kwanza Tume ya Madini kuhusu leseni. Jambo la mwisho ni ndoano: nyingi za bei rahisi zina nikeli, na nikeli huwasha masikio ya watu wengi. Mteja aliyeamka na sikio limevimba hatakumbuka uzuri wa kidani.

Unaondoka na nini

Katika soko moja, sitalitaja, niliwahi kuweka hereni zenye umbo la jani la mgomba nililolisumbukia miezi miwili. Kijana alipiga picha akaondoka. Baada ya wiki tatu niliziona kwenye turubai nne, kwa shaba nyembamba, kwa nusu ya bei yangu. Nililia ndani ya basi. Tangu hapo kazi mpya siizindui sokoni. Soko la Maasai linakupa pesa ya leo na wanunuzi wa jumla, nayo inatosha kuwa sababu ya kwenda, lakini kinachowekwa chini pale kinaonwa na kila jicho. Peleka kile ambacho hata kikiigwa hutakufa njaa.

Bazaa haizuii kuiga, ila mwandaaji makini huwa na kikomo cha meza za mapambo, ili wawili wenye kazi inayofanana wasiwekwe pamoja. Unaondoka na majina ya wateja, na mara nyingi mwenye duka anayetaka kuchukua kazi kwa mali kauli, yaani akulipe akishauza. Hapo simama uandikishane. Mali kauli bila karatasi ni zawadi. Andikeni idadi, bei ya kwako, asilimia ya duka, na tarehe ambayo kisichouzwa kitarudi.

Sabasaba unaondoka na kujulikana nyumbani: namba za simu, ofisa wa SIDO anayekumbuka uso wako, pengine kamera ya televisheni iliyopita. Ni mazao ya polepole. Safari yangu ya kwanza ilinirudishia nauli tu, na miezi mitano baadaye ikaniletea oda ya vikuku 40 vya wacheza ngoma. Anayetaka kuvuna kwa namna hiyo apige picha za kazi zake vizuri na asajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kabla ya kwenda, kwa kuwa anayekupigia simu baadaye huanza kukutafuta kwa jina.

Jua Kali unaondoka na watu. Fundi wa Kampala aliyenionesha namna ya kupaka rangi pembe bila kuipasua ameniingizia zaidi ya mauzo yangu yote ya wiki ile. Na ukikutana na mchuuzi wa kweli, una soko katika nchi nyingine ambalo halikulazimishi kusafiri tena.

Na ng'ambo je?

Huulizwa sana, kwa hiyo niseme kidogo. Yapo maonesho makubwa yanayochagua mafundi kwa jopo: Goldsmiths' Fair ya London, iliyoanza 1983, ni ya masonara wa dhahabu na fedha, na soko la sanaa za asili la Santa Fe, Marekani, lililoanza 2004, hupokea maombi kutoka dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo. Ni milango ya kweli. Lakini yana masharti ya huko. Uingereza pete ya fedha inayozidi gramu 7.78 haiuzwi kama fedha bila muhuri wa ofisi inayopima usafi wa madini hayo. Umoja wa Ulaya una viwango vya risasi, kadimiamu na nikeli kwenye mapambo. Na tangu Agosti 2025 kifurushi kidogo kuingia Marekani hakina tena ule msamaha wa ushuru wa chini ya dola 800, jambo linalowagusa wanaotuma oda baada ya maonesho. Huko nenda ukiwa umekwisha kuuza vizuri bazaa mbili tatu za hapa.

Kulingana na hali yako

Unaishi Nairobi au karibu, kazi yako ni ya kurudiwa, una mikono miwili mitatu ya kusaidia na unahitaji pesa kila wiki: Soko la Maasai linakufaa, ukiwa na bei ya chini daftarini. Kama wewe ni mpole wa mdomo, nenda na ndugu anayejua kubishana, wewe shika kazi ya kufunga na kuhesabu.

Uko Tanzania, una kikundi, na wateja wako ni Watanzania wa harusi na zawadi: fuata Sabasaba kupitia mwavuli, mgawane siku. Watu wanne wanaopokezana siku nne nne hawapotezi karakana. Kama uko peke yako kabisa na hakuna wa kukushikia meza, siku 16 zitakuumiza. Heri uwape kikundi kingine kazi zako wauze kwa mkataba.

Unatoa vipande vichache, kila kimoja na uso wake, na bei yako inawashtua watu wa sokoni: weka akiba ya bazaa moja ya Desemba. Anza kutengeneza Julai. Tuma picha zilizopigwa mchana, kwenye kivuli, juu ya kitambaa kisicho na maua. Ukikataliwa, uliza kama meza za mapambo zilijaa. Mara nyingi ndiyo sababu, na nafasi ya Pasaka huwa wazi.

Umeshiba wateja wa rejareja na unataka wa jumla, au umekwama kiufundi na huna wa kumuuliza: Jua Kali, hasa mwaka ambao nchi mwenyeji iko karibu nawe. Mwaka ambao iko mbali, subiri zamu igeuke.

Na kama hujawahi kuketi popote, safari ya kwanza nenda kama mnunuzi. Jumamosi moja kule Mahakama Kuu, au siku moja ya katikati ya Sabasaba, ukiwa na daftari. Simama karibu na meza inayouza kazi kama yako kwa saa nzima. Hesabu wangapi wanashika, wangapi wanajitazama kwenye kioo, wangapi wanalipa. Kisha sikiliza wanaorudisha hereni mezani, wanasema nini kabla ya kuondoka.